Moto Ukizimika Nyikani, Maji ya Kintinku Yapimwe

Kati ya Juni na Oktoba, nyika ya katikati ya Tanzania huwaka. Abiria wa usiku anayetoka Dodoma kwenda Manyoni, awe kwenye basi au kwenye treni ya reli ya kati, huona mistari ya moto ikitambaa kwenye miteremko ya Bonde la Ufa, juu ya Kintinku na Saranda. Kukicha, mlima uliokuwa na nyasi kavu umekuwa mweusi tii. Wataalamu wa misitu wanauita moto kichaa.

Wanaouwasha si wageni. Yuko mfugaji anayetaka majani mabichi yachipue mapema, mkulima anayesafisha shamba la mtama au alizeti, mrina asali anayefukuza nyuki kwa mwenge kisha akauacha chini ya mti, msasi anayetimua wanyama, na mchoma mkaa ambaye tanuri lake limepasuka yeye akiwa amelala. Manyoni ni wilaya ya asali na ya mifugo, kwa hiyo sababu hizo zote zinakutana huko. Na si Manyoni peke yake. Tathmini iliyotolewa mwaka 2013 kwa ushirikiano wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ilionyesha kuwa kati ya mwaka 2000 na 2011, Tanzania iliungua wastani wa hekta milioni 11 kila mwaka. Hilo ni eneo linalozidi mara mbili ukubwa wa mkoa mzima wa Singida.

Hekta zinahesabiwa. Nyumba zilizoteketea zinahesabiwa, mizinga inahesabiwa, na mikorosho pia. Maji yatakayopita juu ya majivu hayo mwezi wa Novemba au Desemba, mvua ya kwanza inaponyesha, ndiyo yanayosahaulika. Hoja ya makala haya ni kwamba upimaji wa ubora wa maji ya mito na makorongo ya ukanda huu ufuate kalenda ya moto, na uanze mahali kama Kintinku.

Kwa nini Kintinku? Jibu liko kwenye ramani. Mji wa Manyoni umekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kintinku iko chini yake kwa mamia ya mita, kwenye sakafu ya bonde, pembeni mwa tindiga la Bahi. Makorongo yanayoteremka kutoka ukingoni hukauka kwa zaidi ya nusu ya mwaka, halafu hushuka kwa kishindo siku ya mvua. Kutoka kaskazini huja Mto Bubu, unaokusanya maji ya upande wa Kondoa na kuyamwaga Bahi. Na Bahi haina mlango wa kutokea. Maji yake hayaendi Rufiji wala Bahari ya Hindi. Yanatandaa, yanasharabiwa na ardhi, mengine yanapanda angani kama mvuke, na mvuke hauchukui chumvi, tope wala majivu. Kinachoingia humo kinabaki humo.

Ndiyo maana wataalamu wa maji wameliweka eneo hili katika Bonde la Kati, moja ya mabonde 9 ya maji ya nchi, lile ambalo mito yake huishia nchi kavu. Makao makuu ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati yako Singida mjini. Wilaya ya Manyoni yenyewe imegawanyika: upande wa Kintinku unamwaga Bahi, na upande wa kusini, kwenye mapori ya akiba ya Kizigo, Muhesi na Rungwa, maji mengi yanafuata Mto Kizigo hadi Ruaha Mkuu na Bwawa la Mtera. Pande zote mbili zinaungua. Lakini upande wa Mtera una mto mkubwa wa kuchanganya na kuzimua uchafu, na una mitambo ya umeme inayowafanya wakubwa waulizie hali ya maji. Upande wa Bahi una wakulima wa mpunga, wavuvi, ng'ombe na mbuzi.

Mambo yanayotokea siku ya mvua ya kwanza yanajulikana na kila aliyekulia huko. Wingu linajifunga juu ya ukingo, mvua kubwa inapiga kwa saa moja au mbili, na kwa kuwa hakuna nyasi wala majani makavu ya kuyapunguza kasi, maji hayana muda wa kuzama. Ardhi iliyopita moto nayo huweza kupata utando unaokataa maji. Korongo ambalo mchana lilikuwa mchanga mtupu linaanza kunguruma. Ulimi wa kwanza wa maji huwa mweusi, umebeba povu, vipande vya makaa, kinyesi cha mifugo cha miezi mitano, na vijiti vilivyoungua nusu. Nyuma yake huja maji mekundu ya udongo. Mbuzi waliokaa na kiu hawasubiri yatulie. Watu waliokuwa wakichimba visima vya mchangani kwenye korongo hilohilo wanakuta visima vimefukiwa, na maji yanayorudi baada ya siku chache yana ladha nyingine.

Ladha hiyo ina sababu. Majivu yana potasiamu, kalsiamu na fosforasi, na huyafanyia maji kile ambacho magadi huufanyia mlenda: huyageuza, huyapa ukali wa chumvichumvi na utelezi. Kwa lugha ya maabara, kiwango cha pH kinapanda. Fosforasi ikifika kwenye lambo la maji yaliyotuama kwenye jua kali, inalisha mwani, na aina fulani za mwani wa kijani-buluu hutoa sumu inayoweza kuua ng'ombe. Makaa na majani yaliyooza huongeza kaboni majini, na klorini ikikutana na kaboni hiyo hutengeneza kemikali ambazo wataalamu wa afya hawazitaki kwenye maji ya kunywa. Udongo nao una yake: chuma na manganizi hufuatana na tope.

Tope ndilo adui wa haraka zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanayotiwa dawa ya klorini yasizidi 5 kwa kipimo cha tope kiitwacho NTU, na ikiwezekana yawe chini ya 1. Maji ya korongo lililofurika baada ya moto yanaweza kupita kiwango hicho mara mamia. Maana yake kwa familia ni hii: mama anayetumbukiza kidonge cha klorini kwenye ndoo ya maji mekundu anaamini amewakinga watoto, kumbe dawa imemalizika kwa kupigana na udongo na vijidudu vimebaki vimejificha ndani ya chembe za tope. Maji hayo yanatakiwa kwanza yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, au yasafishwe kwa unga wa mbegu za mlonge, ambazo huvuta tope likashuka chini, ndipo dawa itiwe. Ni elimu ndogo, lakini inategemea mtu wa kijijini kujua kwamba leo maji yamebadilika. Kujua huko ndiko kunakoitwa upimaji.

Samaki wanalipia pia. Maji yaliyojaa majani yaliyoungua, kinyesi na mizizi inayooza hula hewa ya oksijeni iliyomo ndani yake. Kambale huvumilia, kwa kuwa ana kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Perege hana. Mvuvi akiona perege wanaelea na kambale wazima, hapo anasoma dalili ambayo maabara ingeithibitisha kwa namba.

Watanzania wanakumbuka kilichotokea Mto Mara mwezi Machi 2022. Samaki walikufa, maji yakawa na rangi nyeusi na harufu mbaya, na vijiji vikaambiwa visitumie maji ya mto. Serikali iliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele, na kamati ikaja na jibu kwamba oksijeni ilishuka kutokana na wingi wa uchafu wa asili, hasa kinyesi cha mifugo, uliosombwa hadi mtoni. Watu wengi hawakukubali. Walikuwa wameshaelekeza kidole kwenye migodi, na mjadala ukahamia bungeni na mitandaoni.

Upande wa Kenya wa mto huohuo, watafiti walikuwa wameshakaa miaka kadhaa wakipima oksijeni majini. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kuwa viboko zaidi ya 4,000 humwaga mtoni kilo 8,500 za kinyesi kwa siku, na kwamba mvua ikinyesha ghafla na kukokota uchafu uliolala kwenye madimbwi yao, oksijeni hushuka kiasi cha kuua samaki. Tofauti kati ya jibu linaloaminika na jibu linalozua ugomvi ni vipimo vilivyochukuliwa kabla ya balaa. Aliyepima mto ukiwa mzima ndiye anayeweza kusema mto umeugua nini.

Bahi inahitaji vipimo hivyo kuliko mito mingi, na sababu haziishii kwenye moto. Miamba ya Singida na Dodoma ina floraidi nyingi. Eneo la Bahi na Manyoni limefanyiwa utafiti wa madini ya urani, na urani hiyo ilifika huko kwa kubebwa na maji kutoka kwenye miamba ya itale na kutulia kwenye mabonde yasiyo na njia ya kutoka. Reli ya kisasa imefika Makutupora, jirani kabisa na Kintinku, pamoja na tuta lake na makaravati yanayoelekeza maji ya mvua njia mpya. Siku moja mtu atalalamika kwamba maji yamemdhuru yeye au mifugo wake. Ataambiwa ni mgodi, mwingine atasema ni reli, mwingine moto, mwingine mapenzi ya Mungu. Bila daftari la vipimo vya miaka ya nyuma, kila mtu atakuwa na haki ya kuamini anachotaka.

Udongo ni sura nyingine ya habari hii, na hapa nchi ina somo lake yenyewe. Milima ya Kondoa Irangi iliharibika kwa mmomonyoko hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Uamuzi ule uliwaumiza wafugaji wengi, lakini miteremko ilirudisha nyasi na miti. Kilichoibwa na maji huko Kondoa kabla ya hapo kiliteremka kuelekea kwenye mbuga na madimbwi ya chini, na Bubu ni mmoja wa mito iliyokibeba. Moto wa kila mwaka hufanya kwa wiki moja kile ambacho makundi ya mifugo yalikuwa yakikifanya kwa miaka: huvua ardhi nguo muda mfupi kabla ya mvua. Mkulima wa mpunga anayekuta jaruba lake limejaa mchanga asioujua ulikotoka anafaa kujua kama mwezi wa Septemba kulikuwa na moto Chemba.

Kwingineko gharama ya kupuuza jambo hili imeshalipwa kwa fedha taslimu. Mji wa Denver, Marekani, ulipata moto mkubwa kwenye vyanzo vyake vya maji mwaka 1996 na tena mwaka 2002, na mamlaka yake ya maji ikatumia zaidi ya dola milioni 27 kushughulika na tope na magogo yaliyoingia kwenye bwawa. Mwaka 2022, mji mdogo wa Las Vegas katika jimbo la New Mexico, wenye wakazi kama 13,000, ulitangaza hali ya dharura baada ya moto kuunguza sehemu za juu za Mto Gallinas na mvua kuujaza mto majivu. Mtambo wa kusafisha maji haukuweza kuyatibu, na akiba iliyobaki ilikadiriwa kutosha siku 50 tu. Inafaa kukumbuka kwamba moto ule ulianzia kwenye uchomaji uliopangwa na wataalamu wa misitu wenyewe, ukawatoroka. Hilo wanapaswa kulijua wote wanaohubiri uchomaji wa mapema nchini. Uchomaji wa mapema, mwezi Mei au Juni nyasi zikiwa na unyevu, ni njia nzuri inayopunguza moto mkali wa Septemba. Ila unataka watu wa kuusimamia, siku isiyo na upepo, na kinga moto iliyolimwa vizuri.

Kuna atakayesema kulinganisha Kintinku na Marekani ni kupotosha. Kule inaungua misitu ya misonobari yenye kuni nyingi chini yake, na moto unakaa mahali pamoja kwa saa nyingi ukipika udongo. Huku nyasi huwaka kwa dakika chache na moto unapita. Hoja hiyo ni ya kweli na isipuuzwe. Moto wa nyasi hauchomi udongo kwa kina kile, na majivu yake ni mepesi, mengine hupeperushwa na upepo kabla ya mvua. Lakini moto wa Marekani huukuta mlima uleule mara moja kwa miongo kadhaa, na mlima unapumzika. Mteremko wa Kintinku unaweza kuungua mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa tatu. Na mvua ya huku haiji kidogokidogo. Inakuja kwa vishindo vichache katika msimu mmoja, baada ya ukame wa miezi sita au saba. Tofauti hizo ni sababu ya kupima hapa, kwa vipimo vya hapa, badala ya kuazima majibu ya Marekani.

Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 ulionyesha jinsi macho ya nchi yanavyoelekea upande mmoja. Uliunguza kilomita za mraba zinazokaribia 95. Habari zilijaa idadi ya watu waliopanda kuuzima, ukubwa wa eneo na hofu ya watalii. Walioufuatilia mlima kwa miaka mingi walikuwa na hesabu nyingine. Mwanaikolojia Mjerumani Andreas Hemp alishaandika mwaka 2005 kwamba tangu mwaka 1976 moto ulikuwa umefuta kiasi cha hekta 15,000 za msitu wa juu, ule unaonasa ukungu na kuugeuza maji, na kwamba hasara yake ni kama mita za ujazo milioni 20 za maji kwa mwaka, kiasi kinachoweza kutosheleza watu milioni moja kwa kunywa. Dunia nzima inalilia barafu ya kilele cha Kibo, ambayo mchango wake kwa maji ya wananchi ni mdogo sana ukilinganisha na huo. Hesabu ya Hemp ilipatikana kwa sababu mtu alikubali kurudi mlimani kwa miongo na kuandika alichokiona. Kintinku haina barafu wala ukungu, haina watalii wala kamera. Inahitaji mtu wa namna hiyo zaidi.

Wengine watauliza: si serikali imeshaleta visima virefu? Imeleta, na ni jambo la kushukuru. Mradi wa Kintinku–Lusilile, uliobuniwa kuhudumia vijiji 11, unachota maji kwenye visima virefu vya Mbwasa, na maji ya kisima kirefu hayachafuliwi na majivu ya mwaka jana. Lakini bomba halimwagilii majaruba ya mpunga. Halinyweshi maelfu ya ng'ombe na mbuzi, wala halijazi tindiga lenye perege na kambale. Pampu ikiharibika, au mtu akishindwa bei ya ndoo, korongo ndilo linalobaki, na kwa kawaida anayelirudia wa kwanza ni yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Zaidi ya hapo, visima vya ukanda huu vinatakiwa kupimwa floraidi kwa makini, kwa kuwa kiwango cha Tanzania kwa maji ya kunywa sasa ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya juu ya ardhi na ya chini ya ardhi ni akiba ya familia moja. Kulinda moja na kuacha nyingine ni nusu ya kazi.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo ya mamilioni. Kifaa cha kwanza ni mrija wa plastiki unaong'aa, mrefu kiasi cha mkono wa mtu mzima, wenye alama nyeusi ya msalaba chini na mistari ya vipimo ubavuni. Mpimaji anasimama kivulini, anamimina maji polepole huku akichungulia kutoka juu, na msalaba ukipotea machoni anasoma namba. Kijana wa darasa la saba anaweza kuujua kwa siku moja. Karatasi za kupimia pH zinabadilika rangi papo hapo. Kipimo cha mkononi cha chumvi na cha oksijeni ni kidogo kama simu. Vijidudu vya kinyesi hupimwa kwa kichupa chenye dawa ambacho maji yake hugeuka meusi baada ya siku moja au mbili yakiwa machafu. Vitu vinavyohitaji maabara, kama floraidi, nitrati, fosforasi na metali, vichukuliwe kwa chupa iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale, iwekwe kwenye boksi la barafu na iandikwe saa na mahali. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji ziko Singida na Dodoma, na lami inapita hapohapo Kintinku.

Kinachokosekana ni wakati sahihi. Sampuli iliyochukuliwa kila baada ya miezi mitatu, kwa ratiba iliyopangwa ofisini, itapishana na mafuriko ya kwanza kama abiria na treni iliyoondoka. Maji machafu kupita yote hupita kwa saa chache. Afisa akifika wiki mbili baadaye atakuta maji yametulia na ataandika kwamba hali ni nzuri, na hatakuwa amesema uongo. Kwa hiyo mpimaji wa siku hiyo lazima awe mkazi wa hapo. Alipwe posho inayoeleweka, apewe mrija, daftari na namba ya simu ya kupigia. Apime mwezi Mei korongo likiwa bado na maji kidogo, apime siku ya mvua ya kwanza, kesho yake, wiki yake, na mwisho wa mwezi. Apime juu ya eneo lililoungua na chini yake, ili tofauti ionekane. Ajue pia korongo moja ambalo eneo lake halikuungua mwaka huo, liwe la kulinganishia.

Taarifa za moto nazo zipo bure. Setilaiti za Marekani hupita juu ya Manyoni kila siku na kuona sehemu zenye moto, na ndani ya saa kama tatu alama hizo huwekwa kwenye mtandao kwa yeyote mwenye simu. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, wanazijua. Alama hizo zikifika mezani kwa wenzao wa Bodi ya Maji ya Bonde la Kati mwezi Septemba, bodi itajua mwezi Novemba makorongo gani ya kuwahi. Moto unaowaka upande wa Dodoma unaweza kumwaga majivu yake upande wa Singida, na mpaka wa mkoa hauzuii maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka bodi za mabonde kwa sababu hiyohiyo, ili maji yasimamiwe kwa njia yanayopita. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma nyasi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hizi tatu zikisomwa pamoja zinatosha. Zinasomwa na ofisi tatu, kila moja kivyake.

Jambo moja linahitaji uangalifu. Upimaji usigeuke fimbo ya kuwapigia wafugaji na warina asali. Mtu akijua kwamba daftari la maji litatumika kumtafuta aliyewasha moto, ataficha moto na atamchukia mpimaji. Daftari lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya wafugaji na wakulima, kama habari ya afya ya mifugo wao na watoto wao. Mfugaji anayeona kwa namba kwamba lambo la ng'ombe wake limeharibika baada ya mteremko fulani kuungua ana sababu yake mwenyewe ya kukubali sheria ndogo ya kijiji kuhusu moto, na atawaeleza wenzake kwa lugha wanayoielewa kuliko afisa yeyote.

Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) na halmashauri za Manyoni, Bahi na Chemba zina kila sababu ya kukaa meza moja kabla ya Mei ijayo. Wachague makorongo machache juu ya Kintinku na vituo viwili au vitatu kwenye Mto Bubu, wawape vijana wa vijiji husika mirija na mafunzo, na waweke fungu dogo kwenye bajeti kwa ajili ya sampuli za maabara za mvua ya kwanza. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi za vijiji na yatangazwe na redio za Dodoma na Singida mvua zikiwa bado zinanyesha, ili mama wa Kintinku ajue leo, kabla ya kuchota, kama maji ya korongo yanafaa kwa kunywa, kwa kufulia tu, au yaachwe yapite.